Sisi Huku Tunasikia Vizuri Tu

Chanzo cha balaa langu ni waya mmoja. Mwaka 2019 projekta ya ofisi iligoma mbele ya wageni, nikainama chini ya meza, nikauchomeka waya uliokuwa umechomoka, picha ikaja. Basi. Kuanzia siku ile, mimi niliyeajiriwa kuandika mipango ya masoko nikawa mtu wa mitambo. Printa ikimeza karatasi, naitwa. AC ikidondosha maji kwenye mafaili ya watu, naitwa. Simu ya dada wa mapokezi ikijaa picha za harusi za wenzake, naitwa, na hata soda hanipi.

Kwa hiyo sikushtuka Bosi aliponiita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia, "Bwana mdogo, hebu lishughulikie lile tatizo la Mwanza." Nina miaka 47 na mvi za kutosha, lakini kwa Bosi nitakuwa bwana mdogo mpaka siku ya kukabidhiwa saa ya ukutani na cheti cha utumishi mwema.

Lile tatizo la Mwanza ni hili. Makao makuu yetu yako Dar, ghorofa ya nne, na tuna matawi Mwanza na Mbeya. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi tunakutana kwa video. Mbeya hawasemi kitu, wanazima kamera na kutuachia picha ya mlima. Mwanza anaongea meneja wao, mama mmoja mtu mzima, mchapakazi, anayejua hesabu za tawi lake hadi senti ya mwisho. Sisi tunamwita Mama Mwanza. Sasa Mama Mwanza akianza kusoma taarifa yake, sentensi ya kwanza inakwenda vizuri, ya pili inapinda, ya tatu anashika breki. "Mauzo ya mwezi... mwezi uliopita yali... yalipanda kwa... samahani mzee, najisikia mwenyewe."

Siku ya kwanza aliposema hivyo chumba kizima kiliangua kicheko, hata ule mlima wa Mbeya ulitikisika. Mtaani anayejisikia ni mwenye maringo. Ikawa ndiyo habari ya ofisini, kwamba Mama Mwanza siku hizi anajisikia. Kumbe maskini alimaanisha kile alichokisema, kwamba kila neno analolitoa linamrudia sikioni baada ya kitambo kidogo, kwa sauti yake mwenyewe, kama mtoto mtundu anayemwigiza. Akimsalimia Bosi, "Shikamoo mzee," kabla Bosi hajaitikia inamfikia shikamoo nyingine, ya kwake mwenyewe, imetoka Dar imerudi. Aliniambia baadaye kwamba mara mbili alijikuta ameiitikia marahaba.

Bosi ni mtu wa uchunguzi. Alitazama huku na huku mezani akauliza, "Jamani, kuna anayesikia mwangwi humu?" Hakuna. "Mhasibu?" Hapana mzee. "Wewe, bwana mdogo?" Hapana mzee. "Basi, mama, tatizo liko huko kwenu. Sisi huku tunasikia vizuri tu." Kesi ikafungwa. Na mkutano ulipokwisha akatuinamia akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeona mengi, kwamba mwenye takwimu za kweli hababaiki. Maombi ya Mwanza ya pikipiki mbili yakarudishwa kwa uhakiki. Yakarudishwa tena. Mwaka ukaisha.

Nilipopewa kazi hiyo, kitu cha kwanza nilichojifunza, tena kwa dakika tano tu za kusoma, ndicho kilichoninyima usingizi wiki nzima. Anayesikia mwangwi wa sauti yake karibu kila mara hana kosa. Mkosaji ni yule wa upande wa pili, ambaye hasikii chochote na roho yake imetulia. Sauti ya Mama Mwanza inasafiri zaidi ya kilomita 1,000, inatoka kwenye televisheni yetu, inagonga kioo, inagonga vigae, inagonga jipsamu, inaingia kwenye maiki yetu na kurudishwa Mwanza kama barua isiyo na stempu. Sisi wa Dar hatusikii mwangwi wowote kwa sababu Mama Mwanza mwenyewe anavaa hedfoni, kwa hiyo sauti zetu zikifika kwake zinaishia masikioni na hazina njia ya kurudi. Yaani mwenye adabu ndiye aliyeumia. Ipo methali ya nyani inayoeleza hali hii vizuri kuliko vitabu vyote vya uhandisi. Mnaijua. Lakini ni sehemu gani ya mwili ya nyani nitakayoitaja kwenye ripoti ya kwenda kwa Bosi?

Na ule ugugumizi nao una maelezo yake. Mhandisi Mmarekani, Bernard Lee, aliandika tangu mwaka 1950 kwamba mtu mzima, msemaji hodari, ukimrudishia sauti yake masikioni kwa kuichelewesha sehemu ndogo ya sekunde, ataburuta maneno, atarudia silabi, atakwama. Ucheleweshaji wa sekunde 0.2 hivi ndio unaouma kuliko yote. Si woga wala uongo. Ubongo unasubiri kusikia neno lililotoka sasa hivi, unaletewa la zamani, unachanganyikiwa kama karani aliyepewa risiti ya jana.

Nilimwendea Bosi kwenye chumba cha mikutano, nikamweleza kwa kuzunguka sana. Akanisikiliza. "Kwa hiyo unasema mimi ndiye ninayemgugumisha mama wa watu?"

"Si wewe, mzee. Ni chumba."

"Chumba hiki?" Akakitazama kwa huzuni, kama mzazi aliyeletewa mashtaka ya mtoto wake. Ni chumba kizuri, tusidanganyane. Sakafu ni vigae vinavyong'aa hadi unaona soli zako. Ukuta mmoja ni kioo kitupu mpaka chini, ili wafanyakazi waone wakubwa wakifanya kazi. Dari ni jipsamu yenye ngazi tatu na taa za buluu. Meza ya mninga iliyopigwa vanishi inatosha watu 16, na mwisho wake kuna televisheni ya inchi 75. Hakuna pazia, hakuna zulia, hakuna hata kochi. Ukikohoa humo kikohozi kinakwenda kutembea, kinasalimia kila ukuta, ndipo kinarudi kwako. "Nunua kifaa," Bosi akasema. "Vipo vifaa. Dunia imeendelea."

Vipo kweli, na kabla sijaingia madukani ilibidi nielewe vinafanyaje kazi, maana muuzaji akijua hujui utatoka na redio. Nilielewa kwa msaada wa mlinzi wetu wa getini, ingawa mwenyewe hajui kama alinisaidia. Mlinzi wetu ana daftari. Gari likitoka anaandika namba, rangi, dereva, saa. Kifaa cha kufuta mwangwi ni mlinzi wa namba hiyo, ila amri aliyopewa ni kwamba kilichotoka hapa hakirudi. Sauti ya Mama Mwanza, kabla haijatoka kwenye spika, nakala yake inaandikwa daftarini. Kisha mlinzi anakwenda kukaa kwenye mlango wa maiki. Hii ni sauti ya Bosi, haimo daftarini, ipite. Hii nyingine imechoka, imechafuka vumbi la ukuta, imepungua uzito, imechelewa, lakini ni ya yule mama, haipiti. Na mlinzi hodari anajifunza chumba. Anajua sauti ikigonga kioo inachukua muda gani kurudi na ikigonga dari inachukua muda gani, na mtu akisogeza kiti au akifungua mlango anaanza kujifunza upya bila kulalamika. Walioanza kuunda walinzi wa aina hii ni wahandisi wa Bell Labs, Marekani, miaka ya 1960, na kilichowasukuma ni setilaiti. Setilaiti ya simu inakaa kilomita kama 36,000 juu yetu, sauti ikipanda na kushuka inakula robo sekunde, ikijibiwa robo nyingine. Wale waliowahi kupiga simu nje ya nchi kabla ya mkongo wa baharini kufika Dar mwaka 2009 wanakumbuka. Unasema "haloo", unasubiri, unasema "haloo" nyingine, na ile ya kwanza ya ndugu yako inagongana na ya pili yako huko angani.

Mlinzi huyo ana adui, na maadui wake wote walikuwa wanakaa kwenye meza yetu.

Adui wa kwanza ni rimoti. Bosi hakai mkutanoni bila kushika rimoti ya televisheni. Mtu akisema jambo la maana anaongeza sauti, mtu akimchosha anapunguza. Sasa mlinzi ameandika daftarini kwamba imetoka Vitz, saa hiyo hiyo rimoti imeifanya Fuso, afanyeje? Adui wa pili ni yule kijana wa uhasibu anayefungua laptop yake humo humo chumbani, akajiunga na mkutano huo huo, eti aone slaidi vizuri. Huyo ametoboa uzio nyuma ya geti. Sauti zinapita kwake bila kuandikwa popote, zinazunguka, na ghafla unasikia mlio mkali kama kuku anayekimbizwa na shoka. Adui wa tatu ni kupenda sauti kubwa. Spika ikizidishiwa mpaka inapasuka, sauti inayotoka haifanani tena na iliyoandikwa, kama gari lililorudi bila bodi. Mlinzi analitazama, anakuna kichwa, analifungulia.

Nikaandika ombi la manunuzi. Hapo Kiswahili chetu kitukufu kikanipiga kofi. Kwenye fomu niliandika kwa adabu, "kipaza sauti cha chumba cha mikutano, kimoja." Ningeandika "maiki" na "spika" kama watu wote tungepona, lakini nilitaka fomu ipendeze. Tatizo ni kwamba kipaza sauti ni kile unachosemea, tena ni kile kinachotoa sauti, na tena ni kile kitarumbeta cha mkononi. Mzee wetu wa manunuzi, mtu wa zamani asiyependa maswali mengi, alipita Kariakoo siku tatu. Akarudi na kitarumbeta. Ndicho kile kile ambacho vijana wanakirekodia kikazunguka mtaa mzima kikilia dawa ya panya, mende, kunguni, chawa. Tena alichagua kikubwa. "Hiki," aliniambia huku akikifuta vumbi kwa kiganja, "Mwanza wasiposikia, basi hawataki."

Nikaenda Kariakoo mwenyewe.

Kijana wa duka la kwanza alinipokea vizuri sana. Nikamuuliza kama kifaa chake kinafuta mwangwi. "Kinafuta kila kitu, bosi wangu." Nikamuuliza kinafuta mwangwi au kinapunguza kelele, maana si kitu kimoja. Kupunguza kelele ni kunyamazisha feni, jenereta na bodaboda. Mwangwi ni sauti ya mtu wa upande wa pili, nayo si kelele, ni maneno kamili yenye adabu zake ila yamefika mahali yasipotakiwa. Kijana akaligeuza boksi, akasoma kimoyomoyo, akaligeuza tena. "Hii ni orijino," akasema. Nadhani lilikuwa jibu.

Duka la pili, katikati ya mji, lilikuwa la watu wa suti. Walinikalisha, wakanipa maji ya chupa, wakanionyesha maiki ya kubandika darini, bapa kama sahani ya pilau, ndani yake zimepangwa maiki ndogo nyingi zinazoshirikiana kumtega anayeongea. Kitu kizuri mno. Bei yake ilitosha bajaji mpya, na spika zilikuwa hesabu nyingine. Nikauliza kama kitafanya kazi kwenye chumba cha vigae na vioo. Mtaalamu akainua nyusi, akajikohoza, akasema kwa uaminifu ambao sikuutarajia kutoka kwa mtu mwenye tai ile, "Kaka, chumba cha hivyo kitakipa shida kifaa chochote."

Hapo ndipo nilipomheshimu, na hapo ndipo aliponipoteza kama mteja.

Ukisoma maboksi utakuta yameandikwa "mita 5", "watu 12", "digrii 360". Mimi sasa nayasoma kama ninavyosoma matangazo ya viwanja, yale ya "dakika 10 kutoka barabara ya lami". Unaposogea mbali na maiki mara mbili ya ulipokuwa, nguvu ya sauti yako inayoifikia moja kwa moja inabaki robo, lakini ule mchanganyiko unaorukaruka ukutani haupungui hivyo. Maiki iliyo mbali inasikia chumba zaidi kuliko inavyomsikia mtu. Hakuna boksi litakalokuandikia hayo.

Kabla ya kutoa senti nilidai kujaribu, nikabuni mtihani wangu. Nampigia Mama Mwanza kwa video, yeye anahesabu moja mpaka ishirini kwa sauti ya kawaida, mimi wakati huo huo nasoma gazeti. Kifaa kikimfikisha kwangu mwanzo mpaka mwisho, naye asijisikie, kimefaulu. Kuongea wote kwa pamoja ndiko kunakomvuruga mlinzi, maana sauti mbili zinafika mlangoni zimekumbatiana na yeye anatakiwa azitenganishe. Kifaa cha kwanza, cha bei ya chini, kilinipa "moja, mbili, tatu... saba... kumi na moja, kumi... ishirini". Katikati yote yalimezwa. Mbinu ya vifaa vile ni ya redio kolu. Mmoja akisema, mwingine anafungiwa. Mwangwi haupo, ni kweli, lakini mazungumzo nayo hayapo.

Na hapa naomba niseme jambo, maana naamini waliotengeneza vile vifaa hawakuwahi kukaa kibarazani. Mswahili hasikilizi kimya. Ukinieleza habari yako nikanyamaza tu nakutumbulia macho, utadhani nimekasirika au nimefariki. Lazima nikuitikie. "Ehee. Naam. Haswaa. Lo! Kwani yeye alisemaje? Mmh." Sasa kifaa kile kila kikisikia "ehee" kinadhani zamu imehama, kinamfungia msemaji. Mama Mwanza akisema "mauzo yalipanda", mhasibu akiitikia "haswaa", "kwa asilimia ngapi" inakatwa, Bosi anauliza "asilimia ngapi?", na swali lake linalikata jibu. Tulikaa hivyo dakika 40. Kwa kifaa kile watu wangeweza kukutana tu wakiwa wameudhiana.

Mtihani wa kifaa cha pili ulivunjika kwa kosa langu. Nilisoma ukurasa wa michezo, habari za Yanga, na mama akaacha kuhesabu kwenye tisa ili anirekebishe.

Kifaa cha tatu kilikuwa kile cha kuweka mezani, chenye miguu mitatu kama pweza aliyepoteza miguu mitano, na maiki mbili za waya za kusogeza kwa waliokaa mbali. Maiki na spika ziko ndani ya boksi moja, kwa hiyo daftari na mlango viko mkononi mwa mlinzi mmoja, na sauti haipiti tena kwenye televisheni. Rimoti ya Bosi ikabaki ya kuchezea. Nilimwachia aendelee kuishika. Mama Mwanza alihesabu mpaka kumi na saba kabla hajaanza kujisikia. Maendeleo, lakini kumi na nane, kumi na tisa na ishirini zilinionyesha kwamba yule mtaalamu wa tai alisema kweli.

Nilijifariji kwa kisa cha mwenzangu. Mwaka 1895, chuo cha Harvard, Marekani, walikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao mhadhiri akisema, neno lake linabaki hewani sekunde 5 na nusu likiyakanyaga maneno yanayofuata. Kazi ya kuurekebisha akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, ambaye hakuwa amesomea mambo ya sauti za majengo. Naamini alikuwa amewahi kuchomeka waya mahali. Sabine alikuwa akisubiri usiku, anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, anaipanga, anapuliza bomba la kinanda, anapima kwa saa mlio unachukua muda gani kufa, kisha alfajiri anairudisha mito kabla wenyewe hawajaamka. Miaka kama mitatu. Akatoka na kanuni ambayo wajenzi wa kumbi wanaitumia hadi leo.

Mimi sikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa na jioni moja. Wenzangu walipoondoka nikabeba mito yote ya makochi ya mapokezi, nikaleta duveti kutoka nyumbani, nikaazima mapazia mawili mazito ya mama watoto, ambaye aliniuliza ya nini, nikamwambia ni ya kazini, akanitazama tazamo ambalo bado halijakwisha. Nikayatundika kwenye ule ukuta wa kioo kwa kamba na vibanio vya nguo. Kisha nikasimama katikati ya chumba nikapiga kofi moja, maana kofi moja ndicho kipimo cha maskini. Kabla ya mapazia lilikuwa likilia "paaa-a-a-a". Sasa likalia "pa". Nikapiga lingine. Pa! Sijui kama mmewahi kufurahishwa na kofi. Nikawa napiga huku nazunguka meza.

Mlango ukafunguliwa. Mlinzi, na tochi. Akamulika mito iliyopangwa sakafuni, akamulika duveti juu ya meza ya mninga, akanimulika mimi nimeinua mikono. Hakuuliza kitu. Kesho yake nilipita getini nikaona daftari liko wazi: "Saa 2:40 usiku. Afisa masoko. Anapiga makofi peke yake."

Ripoti yangu kwa kamati ya manunuzi ilikuwa ya ukurasa mmoja: kile kifaa cha miguu mitatu, zulia, na mapazia mazito ukuta mzima. Kifaa kilipita kwa dakika mbili. Mapazia yalichukua wiki sita. Mhasibu alitaka kujua kwa nini kifungu cha TEHAMA kinunue mapazia. Nikasema mapazia ndiyo nusu ya mtambo. Akasema mapazia ni samani, na kifungu cha samani kimekwisha mwezi wa pili. Mjumbe mwingine akauliza kama yapo mapazia ya kuchomeka kwenye umeme, ili yaingie vizuri kwenye kifungu. Hakuwa anatania. Bosi alichelea chumba kisije kikafanana na ukumbi wa harusi. Mwishowe tukayaandika "vifyonza sauti vya kitambaa, mita 18", yakapita bila swali.

Jumatatu iliyofuata Mama Mwanza alisoma taarifa yake dakika 20 bila kukwama hata mara moja. Kila namba ilikaa mahali pake. Wenzangu waliitikia ehee na haswaa kama kibarazani, hakuna aliyekatwa. Alipomaliza, Bosi aliegemea kiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnaona? Huyu mama amejirekebisha sana." Nikatazama mapazia. Mapazia yakanyamaza, ndiyo kazi yake. Pikipiki mbili zikaidhinishwa siku hiyo hiyo, na juu yake Mwanza wakapewa fedha nao watengeneze chumba chao cha mikutano, kwa kuwa sasa walistahili.

Sikuombwa ushauri. Mama Mwanza alijinunulia mwenyewe televisheni ya inchi 65, na kwa upande wa sauti akanunua sabufa. Sabufa ile ya nyumbani, yenye taa zinazochezacheza, inayounganishwa kwa bluutuuthi na inayotikisa vikombe kabatini. Chumba chao ni vigae vitupu. Hedfoni akazifungia kwenye droo.

Bosi akafungua mkutano kama kawaida yake, ile hotuba ya dakika 45 tunayoijua hadi vituo vyake. "Ndugu zangu, robo hii ya mwaka..." Akasita. "Robo hii... hii ya mwaka tume... tumejipanga..." Akatazama dari. Akaitazama rimoti mkononi mwake, akabonyeza, hakikutokea kitu. "Tumejipa... nani anarudia maneno yangu? ...ngu?" Uso wake ulikuwa na jasho na AC inafanya kazi, najua kwa sababu nimeitengeneza mimi. Sisi tuliozunguka meza hatukusikia vibaya sana, maana alikuwa anajisikia yeye zaidi yetu, na hakuna aliyekuwa tayari kulitamka neno hilo.

Kwenye skrini Mama Mwanza alikuwa ametulia, mikono ameikunja juu ya meza, nyuma yake taa za sabufa zinabadilika kutoka nyekundu kwenda kijani.

"Mzee," akasema taratibu, "sisi huku tunasikia vizuri tu."

Mkutano ule uliisha kwa dakika 11. Haijawahi kutokea. Saa nne kasorobo tulikuwa tumekwisha kunywa chai, watu wamerudi kwenye meza zao, kazi zinafanyika. Jumatatu iliyofuata ikawa dakika 9. Mbeya waliwasha kamera kwa mara ya kwanza ili waone kwa macho yao.

Bosi ameniita, amefunga mlango. "Bwana mdogo, nenda Mwanza ukalishughulikie." Nikamwambia ndiyo mzee, haraka iwezekanavyo. Kama mama yule alichagua sabufa kwa kutojua au kwa kujua, sijamuuliza, na nauli ya kwenda kumuuliza bado haijapitishwa na mhasibu, ambaye siku hizi ananichangamkia sana. Jana dada wa mapokezi aliniletea soda baridi mezani, amekwisha kuifungua na kitambaa cha karatasi amekizungushia chupa. "Kaka," akasema, "kuhusu ile safari, utaratibu ni profoma tatu, si ndiyo?"

Ninazo mbili.